Tela la kubeba gari: Kilimanjaro inalihitaji, lakini linaweza kukufilisi

Kila Desemba magari hupanda kuja Kilimanjaro kwa wingi usioonekana miezi mingine. Watu wa Rombo, Vunjo, Hai, Kibosho na Uru wanaofanya kazi mbali hurudi nyumbani, na wengi siku hizi hurudi na gari lao. Kutoka Dar es Salaam kupitia Chalinze, Segera, Korogwe na Same ni takriban kilomita 550. Mengi hufika salama. Machache hufia njiani, na mengine hufika kabisa kijijini halafu yakafia kwenye kona ya migombani, mahali ambapo lori kubwa la kukokota, lile tunaloliita brekidauni, haliwezi hata kugeuza.

Hapo ndipo kijana mwenye pikapu na rafiki fundi wa kuchomelea anapoona biashara. Tela moja, ekseli mbili, ngazi mbili za chuma za kupandishia, na gari la mgonjwa linashuka Moshi likiwa limepakiwa. Kwa nini isiwezekane?

Inawezekana. Lakini tela ni kitu ambacho watu wengi hukidharau kwa sababu halina injini. Halina usukani pia, na mara nyingi halina breki, na katika mkoa wenye mteremko kama huu hilo ndilo jambo la kwanza kulizungumza. Makala haya yanaeleza chuma, karatasi na pesa za tela la kubeba gari, kwa msikilizaji anayefikiria kulitengeneza, kulinunua, au kumpa mwenye nalo gari lake.

Kamba inaua gari taratibu

Kwanza tukubaliane kwamba hitaji ni la kweli. Njia ya kawaida ya kumtoa mtu aliyekwama ni kamba au mwamba wa chuma. Gari la mbele linavuta, la nyuma linafuata likiwa na dereva ndani. Kwa pikapu ya zamani ya gia za mkono, umbali mfupi na barabara tambarare, hakuna ubaya mkubwa.

Magari tuliyonayo sasa si hayo. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotoka Japani yana gia za kujibadilisha zenyewe, yaani otomatiki. Ndani ya gia hizo kuna pampu inayosukuma mafuta ya kulainisha, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Injini ikizimwa pampu inasimama, lakini magurudumu yakiburutwa barabarani vyuma vya ndani vinaendelea kuzunguka vikiwa vikavu. Kilomita chache zinaweza kugeuza tatizo la betri au rejeta kuwa tatizo la gia boksi nzima. Magari yanayovuta magurudumu yote manne muda wote yana hatari zaidi: ukiyanyanyua mbele na kuacha ya nyuma yaburute, unavunja mfumo unaounganisha mbele na nyuma.

Kuna na jambo la breki. Gari lililozimika halina msaada wa kukanyaga breki. Pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Sasa mweke dereva huyo nyuma ya kamba ya mita nne akishuka kutoka Mwika. Ukiyaona hayo, utaelewa kwamba kuliweka gari zima juu ya tela si anasa. Ndiyo njia sahihi, ikiwa tela lenyewe ni sahihi.

Pima kabla ya kukata chuma

Toyota IST ina uzito wa takriban kilo 1,000 hivi ikiwa tupu. Noah inakaribia kilo 1,500. Prado inaweza kufika tani mbili na zaidi. Tela lenyewe la kubeba gari, likitengenezwa kwa chuma cha kutosha, haliwezi kuwa jepesi. Kilo 500 hadi 800 ni jambo la kawaida. Kwa hiyo mwenye tela la kilo 600 akipakia gari la kilo 1,200 anavuta kilo 1,800 nyuma yake, na pikapu inayovuta inaweza kuwa na uzito huohuo. Nyuma pamekuwa pazito kama mbele.

Hili ndilo linalosahaulika. Fundi huuliza, "Chuma kitabeba?" Chuma kitabeba. Swali gumu ni kama gari la mbele litaweza kuvuta, na zaidi ya hapo kama litaweza kusimamisha. Watengenezaji wa pikapu huandika kwenye kitabu cha gari uzito linaoruhusiwa kuvuta, na huandika namba mbili zinazotofautiana sana: moja kwa tela lenye breki zake na nyingine kwa lisilo na breki. Kwa pikapu nyingi namba ya pili ni kilo 750 tu. Si bahati mbaya kwamba kilo 750 ndicho kikomo pia katika sheria za nchi za Ulaya na Afrika Kusini: tela likizidi uzito huo pamoja na mzigo wake, lazima liwe na breki.

Hakuna gari la familia lenye uzito wa chini ya kilo 750 ukijumlisha na tela lake. Kwa lugha nyepesi, tela lolote la kubeba gari linahitaji breki zake. Hakuna mjadala hapo, hata kama kule bondeni umewahi kuliona lisilo nazo likipita kila siku.

Ndoo nne za maji yanayochemka

Lango la Marangu liko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 hivi. Anayetoka juu kule kwenda Himo na Moshi anashuka karibu kilomita moja kwa wima.

Uzito wote unaoshuka lazima uzuiwe na kitu. Chukua pikapu, tela na gari lililobebwa: jumla tuseme kilo 3,600. Nguvu inayoachiliwa kwa kushuka mita 900, ukiigeuza kuwa joto, inatosha kuchemsha zaidi ya ndoo nne za lita 20 za maji kutoka baridi. Sehemu ya nguvu hiyo huzuiwa na upepo, matairi na injini ikiwa kwenye gia ndogo. Inayobaki yote inaingia kwenye vyuma vya breki ambavyo kila kimoja kinaenea mkononi. Ndiyo maana breki zinanuka. Ndiyo maana baadaye pedali inazama na gari haliitikii.

Kwenye mteremko wa asilimia kumi, yaani kushuka mita moja kwa kila mita kumi za mwendo, tela la kilo 1,800 lisilo na breki linaisukuma pikapu kwa nguvu ya kilo 180. Ni kama karibu magunia mawili ya mahindi yamekuegemea mgongoni muda wote. Ukikanyaga breki ghafla kwenye kona, magunia hayo hayasukumi mbele tena, yanasukuma pembeni. Mkia wa pikapu unatoka nje, tela linakunja kama kisu cha mfukoni, na barabara zetu za juu zina mtaro upande mmoja na watu wanaotembea upande mwingine.

Madereva wa zamani wana kanuni yao kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwa mwenye tela, hata hiyo ni ndogo. Shuka na gia iliyo chini ya hiyo, na uiingize kabla mteremko haujaanza.

Breki za tela dogo ziko za aina chache. Za upepo ni za malori. Kwa tela la pikapu zipo za umeme, zinazowashwa na kifaa kilichofungwa karibu na dereva, na zipo za msukumo: gari la mbele likipunguza mwendo, tela linasukuma mkono wake ndani, na mkono huo unavuta breki za magurudumu. Za msukumo ni rahisi kwa fundi wa kawaida kuzielewa na kuzitunza, na zinapatikana kutoka kwenye matela yaliyotumika. Kasoro yake inafaa kujulikana huku kwetu. Kwenye mteremko mrefu tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake nazo zinashika muda wote na kupata moto. Mwenye akili husimama katikati ya safari, pale penye nafasi, akaziacha zipoe. Maji usimwage, chuma chenye moto kikimwagiwa maji hupasuka.

Chuma kinatoka wapi

Ufundi wa chuma si mgeni hapa. Wahunzi wa Mamba walikuwa wakifua majembe na mikuki kabla hakujawa na barabara ya gari mlimani, na wapo wanaofua mpaka leo. Moshi ina VETA inayofundisha kuchomelea, ina SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, na ina karakana zilizokua kutokana na mradi wa viwanda wa mkoa uliosaidiwa na Japani. Hai kuna kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kilichojengwa wakati wa ushirikiano na Bulgaria ili nchi ijitengenezee mashine zake. Kule Arusha Chini, matrekta ya shamba la miwa la TPC yamekuwa yakivuta matela kwa vizazi, na mafundi wengi wa ukanda wa chini wameona tela likivunjika na kuungwa tangu wakiwa watoto.

Ndipo penye mtego. Tela la trekta linatembea polepole, shambani. Fundi aliyetengeneza matela kumi ya trekta yasiyo na lawama anaweza kutengeneza la kumi na moja kwa ajili ya pikapu, kwa mkono uleule, na likaua. Mwendo wa kilomita 70 kwa saa unatikisa kila ungo la chuma mara elfu kwa saa, na chuma hakivunjiki kwa uzito peke yake. Huchoka kwa kutikiswa.

Mahali pa kwanza kuangalia ni pale mkono wa tela unapoungana na fremu. Tela baya lina mkono mfupi uliochomelewa kwenye chuma cha mbele tu, kama mpini wa kikaango. Tela zuri lina vyuma viwili vinavyotoka kwenye kiungo na kwenda nyuma chini ya fremu hadi chuma cha pili au cha tatu, vikifanya herufi A. Angalia pia alama ya kuchomelea. Ikiwa inaonekana kama uji uliomwagika juu ya chuma, haijaingia ndani. Na ukiona rangi nzito mpya imepakwa juu ya maungio kabla hujayaona, omba kuyaona bila rangi. Fundi mwaminifu hataona vibaya.

Ekseli ndicho kitu cha pili. Watu hukata nyuma ya gari chakavu, wakachukua ekseli na springi zake. Si jambo la aibu. Ekseli ya pikapu iliyobeba tani moja maisha yake yote inajua kazi. Lakini beringi zifunguliwe, zioshwe, zipakwe grisi mpya, na kama zina madoa au kelele zitupwe. Ekseli iliyopinda hula tairi upande mmoja, na tairi la tela hupasuka bila dereva kusikia mpaka linapoanza kuwaka. Matairi yawe ya saizi moja na ya kubeba mzigo. Yale yaliyobaki baada ya kubadilisha ya gari la familia hayafai.

Kisha kiungo. Bampa si mahali pa kufunga tela, hata bampa nene ya chuma iliyotengenezwa hapahapa. Kiungo kifungwe kwenye chasisi kwa bolti. Mpira wa chuma unaotumika zaidi kwa magari madogo una milimita 50. Kipo kikombe cha Kimarekani cha inchi mbili na robo na kidogo, karibu milimita 59, ambacho hufika nchini na vifaa vilivyotumika. Kikikaa juu ya mpira wa 50 kitaonekana kimeshika, mpaka tuta la kwanza. Pima vyote viwili. Na hata vikilingana, fungeni cheni mbili za usalama zilizopishana chini ya kiungo, ili kiungo kikichomoka mkono uangukie juu ya cheni na usichimbe lami.

Jinsi ya kupakia nayo ina sheria yake. Kiasi cha moja ya kumi ya uzito wa nyuma kinatakiwa kukaa kwenye kiungo. Tela na gari vikiwa kilo 1,800, kiungo kisikie takriban kilo 180. Gari likiwekwa nyuma sana, mkono wa tela unataka kunyanyuka, na ukifika mwendo wa barabara kuu tela linaanza kuyumba kushoto na kulia, kila yumbo kubwa kuliko lililotangulia. Likianza, usikanyage breki kwa nguvu na usikanyage mafuta. Achia mafuta, shika usukani uwe umenyooka, acha mwendo ufe. Magari mengi madogo yana injini mbele, kwa hiyo hupandishwa pua ikiangalia mbele. Kila gurudumu lifungwe kwa mkanda wake wa kukazwa. Handibreki peke yake si kamba.

Tela lina kadi yake

Watu wengi wanadhani tela ni mali ya gari linalolivuta. Si hivyo. Angalia lori lolote barabara ya Arusha: kichwa kina namba yake na tela lina namba yake, na kila moja lina kadi yake ya usajili kutoka TRA. Kichwa kinaweza kuuzwa kesho na tela likabaki na mwenyewe. Tela lako dogo nalo liko chini ya utaratibu huo huo, na ukilitumia barabarani bila namba unakuwa na chombo ambacho kisheria hakipo.

Kutokuwepo huko kuna bei. Bima ya watu wengine ni lazima kwa sheria, na bima hiyo hulipa kwa chombo kilichotajwa ndani yake. Tela likichomoka likagonga kibanda cha mama anayeuza ndizi, kampuni ya bima itauliza tela hilo ni lipi. Kama halina namba na halikutajwa, kampuni ina sababu nzuri ya kukataa, na deni linakuja nyumbani kwako: shamba, ng'ombe, pikapu yenyewe. Hii ndiyo njia ambayo tela la milioni chache linaweza kumfilisi mtu na ndugu zake. Ukikata bima, taja kwa maandishi kwamba gari linavuta tela, kisha hakiki stika kwa simu kupitia mfumo wa TIRA.

Ukibeba magari ya watu kwa malipo, wewe ni msafirishaji wa mizigo, na hapo inaingia LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Leseni yako ya udereva nayo iangalie. Daraja D ni la gari la binafsi, halihusu la biashara. Na gari lenye uzito wa tani 3.5 au zaidi linatakiwa kupita kwenye mizani, hivyo pikapu yenye tela lililobeba Prado isishangae ikielekezwa upande wa mizani pale Njiapanda, Himo. Vikomo vya uzito wa ekseli vinatoka kwenye sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Ekseli yenye matairi mawiliwili kila upande kikomo chake ni tani 10, na msafara mzima wa lori na tela hauzidishi tani 56. Mwenye tela dogo hatafika huko. Lakini anayefikiria lile la ghorofa mbili la kubeba magari sita au zaidi ajue kwamba anaingia katika ulimwengu huo, na ulimwengu huo una viwanda vyake, kama Superdoll ya Dar es Salaam.

Kwa anayetaka kutengeneza lake, ushauri wetu ni kumwona mkaguzi wa magari wa polisi kabla ya kukata chuma cha kwanza. Mweleze unataka kutengeneza nini, muulize atataka kuona nini siku ya ukaguzi. Tunza kila risiti ya EFD, ya chuma, ya ekseli, ya matairi, ya fundi. Siku ya usajili swali la kwanza litakuwa vitu hivi vimetoka wapi, na ekseli isiyo na risiti inaweza kuwa ya gari lililoibwa.

Pesa ipo kwenye safari ya kurudi

Sasa hesabu. Namba zifuatazo ni za mfano, weka zako. Tuseme tela pamoja na usajili limekula shilingi milioni 8. Safari moja ya kulishusha gari inaingiza 150,000. Mafuta, dereva na matairi vinakula 90,000. Inabaki 60,000. Ili tela lirudishe pesa yake unahitaji safari 134. Ukipata mbili kwa wiki, ni zaidi ya mwaka mmoja na miezi mitatu, kabla hujanunua beringi hata moja ya pili.

Nani atakupa magari mawili mabovu kila wiki kwa wiki 67? Desemba utapata mengi. Machi, mvua zikianza, utapata ya waliokwama kwenye tope. Julai utakaa. Tela la magari pekee ni biashara ya msimu, na tuseme wazi: kwa mtu mmoja wa kijijini halilipi.

Tela bapa lenye sakafu nzima linaweza kulipa. Tofauti ni ndogo kwa fundi lakini kubwa kwa mfuko. Lile la magari pekee lina njia mbili za magurudumu na uwazi katikati. Ni jepesi na rahisi, lakini huwezi kuweka kitu kingine. La sakafu nzima, lenye mbavu za pembeni zinazong'oka, linashusha gari asubuhi na kupandisha saruji, mbolea au mabati mchana. Siku ya soko linashusha ndizi. Ukiongeza shilingi 40,000 tu za mzigo wa kurudi kwenye mfano wetu, kila safari inabaki na 100,000, na safari zinazohitajika zinashuka kutoka 134 hadi 80.

Hesabu ya kurudi mtupu ndiyo inayoeleza pia kwa nini magari mengi yanayonunuliwa bandarini Dar es Salaam huja mkoani yakiendeshwa moja moja, kila moja na dereva wake, badala ya kupakiwa manane kwenye lori moja. Kwa mafuta na kwa usalama, kupakia kuna faida. Lakini lori hilo likishusha Moshi na Arusha, litarudi na nini? Halibebi mahindi wala ndizi. Dereva mmoja aliyeleta gari hurudi kwa basi, na kwa mwenye gari ni rahisi zaidi. Reli nayo ipo. Mizigo na abiria wamerudi kwenye njia ya Moshi tangu mwaka 2019 baada ya kimya cha miaka mingi, na kubeba magari ni kazi ambayo mabehewa bapa huifanya vizuri duniani kote. Ningependa kuliona hilo likijaribiwa kwa dhati kabla hatujaongeza malori.

Wapi serikali ingesaidia bila gharama kubwa

Australia ina watu wengi wa vijijini wanaojitengenezea matela nyuma ya nyumba. Serikali yao haikuwazuia. Iliandika kijitabu kwa ajili ya matela yasiyozidi tani 4.5: breki zinahitajika kuanzia uzito gani, taa zikae wapi, upana usizidi kiasi gani, kiungo kiweje. Mtu anakisoma bure, anatengeneza, anaenda kukaguliwa. Majimbo mengi ya Marekani nayo yana utaratibu wa kulipa tela lililotengenezwa nyumbani namba yake ya utambulisho baada ya kukaguliwa.

Sisi tuna taasisi zinazoweza kuandika kijitabu cha aina hiyo. Arusha, mwendo wa saa mbili kutoka Moshi, kuna TEMDO inayobuni mitambo na kuna CAMARTEC inayoshughulika na zana za kilimo. TBS inaweka viwango. SIDO inawafahamu mafundi. Kurasa 20 za Kiswahili zenye michoro, zikiwa na mchoro mmoja wa tela bapa la tani mbili uliokwisha kuidhinishwa, zingemfanya fundi wa Himo ajue anachotakiwa na mkaguzi ajue anachokagua. Leo kila mmoja anakadiria, na makadirio ya wawili yasipolingana fundi hurudi kwenye njia ya mkato, akaliacha tela bila namba na kulitumia usiku. Tela la usiku halina taa za nyuma mara nyingi kuliko la mchana.

Fedha za kuanzia zipo kwa makundi. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Haina riba. Kikundi cha vijana kinaweza kuombea tela, na nadhani ombi la tela bapa lenye mizigo ya kwenda na kurudi lina nguvu kuliko la pikipiki ya kumi na tano katika kijiji kilekile.

Lakini kikundi kina swali lake, na liulizwe kabla ya kusaini. Kadi ya tela itaandikwa jina la nani? Pikapu inayovuta ni ya nani, na siku mwenye pikapu akigombana na wenzake tela litavutwa na nini? Nani analipa beringi? Tela la kikundi likigonga mtu, nani anaitwa polisi? Katika vikundi vingi dereva ndiye hujibu yote kwa sababu ndiye aliyekuwepo, na huyo mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote na hakuwa na hisa. Andikeni jina la kikundi kwenye kadi na kwenye bima, muandike pia mkataba wa dereva, hata kama ni mtoto wa shangazi.

Na wewe ambaye huna tela wala mpango wa kuwa nalo, ila gari lako limezimika Kirua na mtu amekuja kulichukua: kabla hajalipandisha, zunguka nyuma ya tela lake. Tafuta namba. Mwambie awashe taa, akanyage breki. Tazama cheni mbili chini ya kiungo. Piga picha ya gari lako pande zote nne likiwa bado chini, kisha jingine likiwa limefungwa juu. Kama hana namba, subiri mwingine, hata kama ni jioni na mvua inakaribia.